Injini ya Land Rover imechoka: Uifanye upya au ununue nyingine?

MSIMU wa maharage unapofika katika kata ya Murukulazo na kata nyingine za wilaya ya Ngara, gari linaloweza kupanda mlima likiwa na magunia ndilo linaloamua nani atauza sokoni na nani atamuuzia mchuuzi shambani kwa bei ya kutupa. Gari likizimika, mkulima hana wa kumlaumu. Mzigo unabaki ghalani, ndizi zinaiva barazani, na mchuuzi anayejua shida yako anashusha bei.

Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, magari yanayobeba mzigo huo mara nyingi ni ya zamani. Lililo maarufu zaidi ni Land Rover 109, gari ambalo watu wengi wamelikuta likifanya kazi tangu wakiwa watoto. Gari hili lina sifa ya kudumu. Mwili wake ni wa aluminiamu usioshika kutu, na muundo wake ni mwepesi kiasi kwamba fundi wa kijijini anaweza kulifungua chini ya mwembe. Lakini injini yake nayo huchoka kama jembe. Swali linalowakera wamiliki wengi ni hili: injini ikichoka, uifungue yote na kuifanya upya, au uitoe na kuweka nyingine?

Wengi hujibu swali hili kwa kuuliza bei tu. Wanauliza spea ni shilingi ngapi, injini ya mtumba ni shilingi ngapi, kisha wanachagua ya bei ndogo. Kwa macho ya uchumi, hilo ni swali la nusu. Swali kamili ni hili: kila mwezi ambao gari litafanya kazi baada ya matengenezo, utakuwa umeugharamia kiasi gani? Makala haya yanaeleza namna ya kulijibu.

Gari lenyewe lilivyo

Land Rover ilianza kutengenezwa nchini Uingereza mwaka 1948. Kizazi cha pili kilitoka mwaka 1958, na cha tatu, ambacho ndicho kinachojulikana zaidi kwetu, kilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Gari lililorithi umbo hilo, Defender ya zamani, liliacha kutengenezwa Januari 2016. Maana yake ni kwamba hata 109 iliyo changa kuliko zote sasa imepita miaka 40.

Umri huo haujazifanya kuwa vyuma chakavu. Oktoba 2024 jijini Arusha lilifanyika tamasha kubwa la Land Rover, na wamiliki wengi walijitokeza na magari yao ya miaka mingi yakitembea kwa injini zake. Spea bado zinapatikana, mpya na za mtumba.

Injini iliyozoeleka katika 109 ina silinda nne na ukubwa wa sentimita za ujazo 2,286. Ipo ya petroli na ipo ya dizeli. Jambo moja la kukumbuka unapotafuta spea: injini za zamani zina beringi kuu tatu za kushika krankshafti, lakini kuanzia mwaka 1980 zilitengenezwa zenye beringi kuu tano. Krankshafti ya moja haiingii katika bloku ya nyingine. Kabla ya kutuma fedha mjini, hakikisha fundi wako anajua unayo ipi.

Jua ugonjwa kabla ya dawa

Injini nyingi hufunguliwa zote wakati ugonjwa ulikuwa mdogo. Gari halivuti mlimani, mmiliki anaambiwa "injini imekufa", na wiki moja baadaye vyuma vimetapakaa kwenye karai la dizeli. Kumbe tatizo lilikuwa chujio la hewa lililojaa vumbi, nozeli zilizochoka, valvu zilizopoteza nafasi yake au gasketi ya hedi iliyoungua.

Moshi wa ekzosi ni shahidi wa kwanza. Moshi wa buluu unaonyesha kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Moshi mweusi unaonyesha mafuta ni mengi kuliko hewa, na mara nyingi dawa yake ni chujio, nozeli, pampu au kabureta. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, unaonyesha maji yanaingia ndani ya silinda.

Shahidi wa pili ni oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Hapo tafuta gasketi iliyoungua au hedi yenye ufa. Shahidi wa tatu ni sauti. Mlio wa kugonga unaotoka chini ya injini, unaozidi unapokanyaga mafuta, ni dalili ya beringi za krankshafti kulika. Ukiusikia huo, simamisha gari. Kila kilomita unayoongeza inakula krankshafti, na krankshafti ndicho chuma cha thamani zaidi baada ya bloku.

Kisha omba fundi apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Kipimo hiki kinachukua muda mfupi na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kufungua injini. Silinda zote zikiwa karibu sawa na zenye nguvu, tatizo liko nje. Silinda moja ikiwa chini sana, kwa injini ya petroli fundi anaweza kumimina oili kidogo ndani yake kupitia tundu la plagi na kupima tena. Mgandamizo ukipanda, ringi au silinda imelika. Usipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi imeungua katikati yake.

Kipimo hiki kinaweza kukuonyesha kwamba unahitaji kazi ya juu tu: kutoa hedi, kusaga valvu, kunyoosha uso wa hedi na kuweka gasketi mpya. Ni sehemu ndogo ya gharama ya kufungua injini nzima.

Bloku na krankshafti ndizo zinazoamua

Tuseme vipimo vimeonyesha kwamba ringi na silinda zimelika. Hapo hukumu hutolewa na vyuma viwili, bloku na krankshafti, na lazima vipimwe kwa maikromita. Kidole na jicho havitoshi.

Silinda iliyolika huchongwa iwe pana kidogo, kisha huwekwa pistoni kubwa zaidi. Krankshafti iliyolika husagwa iwe nyembamba kidogo, kisha huwekwa beringi nene zaidi. Mafundi huzitaja saizi hizi kama 25, 50, 75 na 100, yaani robo milimita, nusu, robo tatu na milimita nzima. Kwa injini za Kiingereza kama ya Land Rover, vipimo hivyo hutajwa kwa sehemu za inchi: 10, 20, 30, 40.

Hii ina maana kwamba kila injini ina akiba ya maisha. Injini ambayo haijawahi kuchongwa bado ina akiba yote. Iliyokwisha kuchongwa mpaka saizi ya mwisho haina tena, isipokuwa iwekwe slivu katika silinda. Kwa hiyo, kabla hujanunua hata ringi moja, muulize fundi: bloku hii iko saizi ngapi sasa? Krankshafti je? Imebakiza saizi ngapi? Asiyeweza kujibu hajapima.

Bloku yenye ufa, au iliyotobolewa na konrodi iliyokatika, ni nadra kurudi katika hali ya kuaminika. Kuichomelea ni kamari. Hapo uamuzi umekwisha: tafuta injini nyingine.

Kuchonga kunahitaji mashine nzuri na mtu makini. Kwa mwenyeji wa Ngara hiyo mara nyingi ni safari ya mjini, Kahama au Mwanza. Anayekwenda Mwanza amepata nafuu tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa na kuondoa foleni ya kivuko. Nauli, usafirishaji wa bloku na siku za kusubiri ni sehemu ya gharama. Viandike.

Injini ya mtumba: faida na mtego

Faida kubwa ya injini ya mtumba ya aina ile ile ni muda. Inatolewa ya zamani, inafungwa nyingine, na ndani ya siku chache gari linarudi barabarani. Mtego wake ni kwamba unanunua historia ya mtu mwingine usiyoijua. Rangi mpya kwenye bloku haikuambii kitu, na inaweza kuwa imeficha kinachovuja.

Ukienda kununua, iwe Kariakoo, Gerezani au Mwanza, taka mambo manne. Kwanza, injini iwashwe ukiwapo, ikiwa ya baridi, kisha iachwe ipate moto. Pili, mgandamizo upimwe mbele yako. Tatu, kifuniko cha oili kifunguliwe injini ikiwa inaunguruma. Hewa ikipumua kwa nguvu kupitia hapo, ringi zimechoka. Nne, upewe risiti yenye namba ya injini pamoja na muda wa dhamana kwa maandishi.

Namba hiyo ina umuhimu wa kisheria. Kadi ya gari inaandikwa namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini bila kurekebisha taarifa katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), gari na kadi havitalingana. Utapata usumbufu siku ya ukaguzi, na zaidi siku utakapotaka kuuza gari. Injini isiyo na risiti inaweza pia kuwa imetoka kwenye gari la wizi.

Njia ya tatu: kutoka petroli kwenda dizeli

Wapo wanaotoa injini ya petroli ya Land Rover na kuweka ya dizeli ya Kijapani, kwa mfano ile ya Toyota Hilux inayojulikana kama 3L, yenye ukubwa wa karibu lita 2.8. Sababu ni mafuta. Land Rover 109 ya petroli ni mlafi. Ikiwa na mzigo, kilomita sita kwa lita si mbaya.

Lakini bei ya injini hapa ni mwanzo tu. Kuna sahani ya kuunganisha injini na giaboksi, vikalio vipya, klachi, bomba la ekzosi, rejeta na nyaya. Kila kimoja kina fundi wake na bei yake. Ubora wa kuunganisha ndio huamua kama klachi na giaboksi vitadumu. Usikubali bei ya injini peke yake. Dai bei ya gari likiwa linatembea.

Hesabu za mfano

Tuchukue mfanyabiashara wa Murukulazo mwenye Land Rover 109 ya petroli. Anafanya safari tatu kwa wiki, kila moja kilomita 100 kwenda na kurudi, na kila safari inamwachia faida ya shilingi 60,000. Wiki moja ya gari kusimama inamnyima shilingi 180,000. Bei zinazofuata ni za mfano tu. Msomaji aweke zake.

Njia ya kwanza, kazi ya juu peke yake: shilingi 600,000, gari linasimama wiki moja, na tunategemea miezi 18 ya kazi. Jumla ni 780,000. Gawa kwa 18, unapata shilingi 43,000 kwa mwezi.

Njia ya pili, kuifungua yote na kuifanya upya: shilingi 2,800,000, gari linasimama wiki nne, na tunategemea miezi 48. Jumla pamoja na faida iliyopotea ni 3,520,000. Kwa mwezi ni shilingi 73,000.

Njia ya tatu, injini ya mtumba ya aina ile ile: shilingi 3,800,000, gari linasimama wiki moja, na kwa kuwa hatujui historia yake tunategemea miezi 30. Jumla ni 3,980,000. Kwa mwezi ni shilingi 133,000.

Njia ya nne, kuweka dizeli: shilingi 6,500,000, gari linasimama wiki tatu, na tunategemea miezi 48. Jumla ni 7,040,000. Kwa mwezi ni shilingi 147,000.

Tukiishia hapa, kazi ya juu inashinda zote, lakini tu kama vipimo vimeonyesha kwamba inatosha. Kuifanya kwenye injini ambayo ringi zimekwisha ni kutupa fedha. Inayofuata ni kuifanya upya, na dizeli inaonekana ghali kuliko zote.

Sasa ingiza mafuta. Mfanyabiashara wetu anatembea kilomita 1,300 kwa mwezi. Petroli kwa kilomita sita kwa lita ni lita 217. Dizeli kwa kilomita tisa kwa lita ni lita 144. Anaokoa lita 72 hivi. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita kwa mafuta yote mawili, anaokoa shilingi 217,000 kila mwezi. Dizeli iliyokuwa ya mwisho sasa ni ya kwanza, kwa sababu inarudisha zaidi ya gharama yake ya mwezi.

Je, kila mtu aweke dizeli? Hapana. Kwa mfano huu, kila kilomita inaokoa shilingi 167, na dizeli inazidi kuifanya injini upya kwa shilingi 73,000 kwa mwezi. Gawa 73,000 kwa 167, unapata kilomita 440. Anayetembea chini ya kilomita 440 kwa mwezi, kama mkulima anayepeleka kahawa na ndizi zake mwenyewe tu, aifanye upya injini yake. Anayezidi hapo sana, dizeli inamfaa.

Mpaka huo husogea kama fedha ni za mkopo. Nyongeza ya shilingi 3,700,000 ikikopwa SACCOS kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni shilingi 55,500. Mpaka unapanda hadi karibu kilomita 770, kisha unashuka kadiri deni linavyopungua. Kwa bei ya mafuta usikisie. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na orodha yake inataja hadi wilaya. Tumia bei ya Ngara au Biharamulo, si ya Dar es Salaam.

Hesabu hizi zinaonyesha hatari moja zaidi. Injini iliyofanywa upya ikichongwa vibaya na kufa baada ya miezi 12 badala ya 48, gharama ya mwezi inaruka kutoka shilingi 73,000 hadi 293,000. Kuokoa laki mbili kwa mchongaji wa bei nafuu kunaweza kukugharimu mara nne. Kwa upande mwingine, ukipata injini ya mtumba unayoiamini kwamba itadumu miezi 48 kama iliyofanywa upya, na faida yako ya wiki inazidi shilingi 333,000, mtumba unashinda kwa sababu unaokoa wiki tatu za kazi.

Chagua mwezi wa kufungua

Wiki nne za Juni si sawa na wiki nne za Novemba. Ngara na Biharamulo zina mvua za vuli na za masika. Maharage huvunwa kuelekea mwisho wa mwaka na Januari, kisha tena kati ya Mei na Juni, wakati kahawa nayo inaanza kuchumwa. Oktoba na Novemba, au Machi na Aprili, watu wakiwa mashambani na mzigo ukiwa mdogo, ndio wakati wa gari kulala gereji. Anayeona moshi wa buluu Februari na kusubiri mpaka injini ikatike Juni, amechagua mwezi wa gharama kubwa kuliko yote.

Agiza spea zote kabla ya gari kufunguliwa, isipokuwa pistoni, ringi na beringi, ambazo husubiri vipimo. Andikiana na fundi: kazi gani, bei gani, siku ngapi, nani analipa kitu kikivunjika. Spea zilizotolewa zirudishwe kwako.

Injini ikishafungwa, bado haijapona. Kilomita 1,000 za kwanza usilijaze mzigo wala usilisukume mlimani kwa gia kubwa. Badilisha oili na chujio lake mapema, na mwambie fundi akague kukazwa kwa nati za hedi kwa kipimo kinachotakiwa. Milima yetu na vumbi la kiangazi haviisamehe injini changa. Chujio la hewa lililopasuka linaweza kula ringi mpya ndani ya msimu mmoja.

Kabla ya yote, ingia chini ya gari

Aluminiamu haishiki kutu, lakini chasisi ya Land Rover ni chuma, na hushika. Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, chukua nyundo ndogo, ingia chini na ugonge chasisi nzima, hasa sehemu ya nyuma na zinaposhikiliwa springi. Ikilia kama debe au nyundo ikizama, injini nzuri haitaliokoa gari hilo. Hapo linganisha na bei ya kuuza lilivyo na kununua jingine, ukikumbuka kwamba magari yanayoagizwa nje yakiwa na umri mkubwa hutozwa kodi ya ziada ya uchakavu.

Kwa hiyo mpangilio wa uamuzi ni huu: chasisi kwanza, halafu kipimo cha mgandamizo, halafu vipimo vya bloku na krankshafti, halafu kilomita zako za mwezi, na bei mwisho. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Anza wiki hii kuandika kila lita ya mafuta, kila lita ya oili na kila kilomita. Ukiona oili inayoongezwa inazidi mwezi hadi mwezi, injini imeshakupa taarifa, na bado una muda wa kuchagua mwenyewe njia na mwezi wa kufungua.